Euphrase Kezilahabi na Fundisho la Rosa Mistika kwa Wazazi

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alikuwa mwandishi wa riwaya, mshairi na mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akafariki dunia jijini Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020.

Masomo na kazi

Alisoma katika Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967. Baada ya kufundisha katika shule za sekondari, alirudi chuoni hapo akiwa mhadhiri. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana.

Maandiko yake

Miongoni mwa riwaya zake ni Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Diwani yake ya Kichomi (1974) ilizua ubishi mkali, kwa kuwa mashairi yake hayakufuata vina na mizani.

Rosa Mistika

Jina la riwaya hii ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Rosa ni binti wa Namagondo. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, lakini humchunga bintiye kwa ukali mkubwa. Anapogundua barua ya mvulana, anampiga vibaya. Rosa anakua akiwaogopa wavulana, pasipo kufundishwa namna ya kuishi nao kwa heshima. Anapofika mbali na macho ya baba, hana nguvu ya ndani ya kumlinda. Anaanguka, na mwisho wake ni kifo cha kujiua. Mbele ya hukumu ya Mungu, baba na binti wanalaumiana.

Kwa kusema waziwazi juu ya mahusiano ya kimwili, kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Hata hivyo, msomaji makini haoni humo dhambi ikisifiwa. Anaona matunda yake machungu, na anaona pia fungu la mzazi katika anguko la mtoto.

Fundisho kwa familia zetu

Katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia (2016), sura ya saba, Papa Fransisko anafundisha kwamba mzazi hawezi kudhibiti kila hali atakayokutana nayo mtoto. Jambo kuu ni kumlea kwa upendo akomae katika uhuru. Ndilo alilokosa Zakaria. Nasi wa Samuye na Shinyanga nzima, tunaowapeleka mabinti shule za mbali au kuwaona wakienda kutafuta kazi mijini na machimboni, tujiulize: je, tumewapa hofu ya fimbo tu, au tumezungumza nao, tumesali nao, na kuwaonyesha mfano wetu wenyewe? Fimbo hubaki nyumbani. Malezi mema husafiri na mtoto.