UZI: Nani alichora mlimani na bondeni Nairobi?

1/ Kila mafuriko yakija tunasikia: "Watu wa bondeni walijitakia." Sitaji mtu wala chama. Nawapeleka Upper Hill, tuone jibu.

2/ Reli ilifika Nairobi 1899. Maofisa wazungu wakajengewa nyumba kilimani, penye upepo na maji yasiyotuama. Vibarua na bazaar ya Wahindi wakabaki chini, kwenye tope.

3/ 1902 tauni ikaingia bazaar, ikachomwa moto. Mitaro ndiyo ilikosekana, lakini 1913 daktari aitwaye Simpson akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi, eti kwa sababu ya afya.

4/ Msidhani Mwafrika hakuishi mlimani. Aliishi, lakini kwa SQ nyuma ya nyumba kubwa: mpishi, yaya, shamba boi. Mwanaume alivaa kipande shingoni. Kazi ikiisha, chumba kimeisha pia. Mtaa uliotengewa Waafrika ulikuwa Pumwani, huko mashariki.

5/ Uhuru 1963 ulifuta rangi kwa sheria. Ramani ilibaki. Bungalow nyingi za mlimani zimepisha maghorofa ya ofisi, na anayeyafagia bado anateremka jioni kulala bondeni. 2024 maji yaliua watu Mathare, kisha tingatinga zikaja kubomoa nyumba kando ya mto.

6/ Kwa hivyo mtu akisema "wahame", muulize: wahamie wapi, kwa kodi gani, karibu na kazi gani? Asipojibu hayo matatu, hana sera. Ana lawama tu.