Maradhi Yalikuwa Mulago, Msomaji Alikuwa Cambridge

Wapo wanaodhani kwamba bioinfomatiki ya tiba ni elimu ya kigeni, iliyozaliwa na kompyuta na isiyo na mizizi kwetu. Historia ya Kampala inawakanusha.

Mwaka 1897 tabibu mmisionari Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo. Habari za wagonjwa ziliandikwa kwa mkono na kutunzwa, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1964 J.N.P. Davies na wenzake, wakiwamo Owor na Mtimavalye, walichapisha uchambuzi wa saratani zilizoandikwa katika majalada hayo tangu 1897 hadi 1956. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Davies alikwisha kuanzisha rejesta ya saratani ya Kampala katika idara ya patholojia ya Makerere. Taarifa zilikusanywa, zikapangwa, zikahesabiwa, kisha zikaulizwa maswali. Kiini cha bioinfomatiki ni hicho hicho. Kompyuta imeongeza kasi na wingi tu.

Katika mazingira hayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000, hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo unajulikana. Walipochora ramani, ilionekana kuwa unafuata maeneo yenye joto na mvua, ambayo ndiyo makao ya malaria. Ramani hiyo ilizua swali ambalo hadubini peke yake isingeliweza kuliuliza.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege moja kutua Manchester. Sampuli ilipofika kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yamefifia. Yalipochunguzwa, zilionekana seli hai zikielea. Kutokana na seli hizo, Epstein, Achong na Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Mwaka 1984 watafiti wa Cambridge walichapisha mfuatano wa jenomu ya kirusi hicho, herufi 172,282. Wakati huo Uganda ilikuwa vitani, na usajili wa saratani wa Kampala ulikuwa umekatizwa na misukosuko ya siasa.

Sisemi kwamba watu hao walitenda hila. Nasema kwamba mtoto, uvimbe na jicho la kwanza la daktari vilikuwa kwetu, ilhali usomaji wa mwisho ulifanyika kwingine, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wasomaji na vyombo vyao. Asiyesoma maradhi yake husomewa, na msomaji ndiye huchagua swali.

Mwaka 2012 ulianza mpango wa H3Africa, ukiwa na mtandao wa bioinfomatiki wa H3ABioNet ulioratibiwa kutoka Cape Town. Ilikuwa hatua njema, lakini mtandao wa watafiti haujazi pengo la shahada ya kwanza. Mwanafunzi anayejua programu tu hatatambua kwamba herufi za ajabu anazoziona zimetokana na kipande cha nyama kilichooza kabla ya kutiwa dawa. Anayejua hadubini tu atalazimika kumwamini mwingine amsomee. Elimu hizi mbili zifundishwe pamoja, tangu mwanzo, kwa sampuli na majalada ya hospitali zetu wenyewe.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma anayepanga bajeti asimsahau karani wa rejesta, kwani bila yeye hakuna cha kuchambua. Mwanaharakati aulize sampuli zinakwenda wapi, kwa idhini ya nani, na matokeo yanarudi lini. Nawe mwanafunzi, usiridhike kuwa mkusanyaji wa damu kwa ajili ya makala za wengine. Majalada ya Mengo yalisubiri zaidi ya miaka sitini kupata wasomaji. Yaliyomo makabatini leo yanakusubiri wewe.