Kukuza Aya kwa Kitenzi: Hoja Dhidi ya Kanuni ya Sentensi Kuu

Anayesahihisha insha za Kiswahili, za sekondari na hata za mwaka wa kwanza chuoni, hukutana na jambo ambalo mbinu zetu za ufundishaji hazijalieleza. Mwanafunzi akisimulia kisa, huandika aya ndefu iliyoshikamana, ingawa hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Mwanafunzi huyo huyo akitakiwa kutetea hoja, aya yake hukatika baada ya sentensi mbili. Ya kwanza hutaja hoja, ya pili huirudia kwa maneno mengine. Kisha aya mpya hufunguliwa kwa "isitoshe", inayofuata kwa "fauka ya hayo", na nyingine kwa "aidha". Walimu wengi husema hana mawazo. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Mawazo anayo, alichonyimwa ni njia za kuyakuza ambazo sarufi ya lugha yake inazo tayari.

Aya inayofundishwa kwa kawaida ni ya umbo moja: sentensi kuu mwanzoni, maelezo, mfano, kisha sentensi ya kufunga. Alexander Bain, mwanazuoni wa Uskoti, aliorodhesha kanuni za aya katika kitabu chake cha utunzi cha mwaka 1866, na mojawapo ilitaka sentensi ya kwanza idhihirishe mada, isipokuwa inapokuwa ya kuandaa njia tu. Waliomfuata waliliacha hilo "isipokuwa", wakashika amri. Mwaka 1974 Richard Braddock alichunguza makala 25 kutoka majarida ya Marekani, akakuta kwamba katika kila aya 100 za maelezo, takribani 13 tu zilianza kwa sentensi kuu. Ikiwa waandishi stadi wa Kiingereza hawakuifuata kanuni hiyo, hatuna msingi wa kumkata alama mtahiniwa wa Kiswahili aliyeiacha.

Wapo wanaojibu kwamba tatizo ni la utamaduni: Mwafrika huzunguka, Mzungu huenda moja kwa moja. Dai hili hutegemezwa kwenye makala ya Robert Kaplan ya mwaka 1966, iliyochora mistari ya fikra za jamii mbalimbali, mmoja ulionyooka, mwingine wa kuzunguka, mwingine wa kwenda zigizaga. Ushahidi wake ulikuwa insha ambazo wanafunzi wa kigeni waliziandika kwa Kiingereza. Mtu anayejikongoja katika lugha ya pili hawezi kuwa shahidi wa jinsi taifa zima linavyofikiri, na lugha za Kibantu hazimo kabisa katika michoro ile. Kuitumia kueleza aya ya Kiswahili ni kuazima jibu la swali ambalo Kaplan hakuliuliza.

Kuhusu sarufi, ubishi ni mdogo. Tangu kitabu cha Ashton cha mwaka 1944, wanasarufi wanakubaliana kwamba -li- hufungua masimulizi na -ka- huyaendeleza, kwamba hu- ni ya mazoea, -ki- na -nge- za masharti, na kwamba vionyeshi kama "hicho", "huyo" na "hapo" hurejelea kilichokwisha kutajwa. Maarifa haya yote hufundishwa katika kiwango cha sentensi, yakaachwa hapo. Ninachodai ni kwamba viambishi hivi hujenga aya. Kila kimoja kikishika usukani huamua sentensi ijayo iseme nini.

Tuchukue mada moja, biashara ya boriti za mikoko huko Lamu, tuikuze kwa njia tofauti. Mifano nimeitunga mwenyewe ili mada isibadilike.

Kwanza kwa -ka-: "Majahazi kutoka Arabuni na Ghuba yalifika kwa upepo wa kaskazi. Yakashusha tende, yakapakia boriti, yakangoja upepo ugeuke. Kusi ilipoanza kuvuma, yakatweka tanga kurudi kwao." Hapa hakuna sentensi kuu, wala haihitajiki. Kila -ka- inaegemea tendo lililotangulia, na aya inafungwa na safari yenyewe.

Sasa kwa hu-: "Mkataji huingia mikokoni maji yakipwa. Huchagua miti iliyonyooka, huikata, kisha hungoja maji yajae aitoe kwa chombo. Miti hiyo hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mauzo yake huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini." Mada haijabadilika, lakini wakati umeondoka na utaratibu umeingia. Tena, katikati ya utaratibu umezuka uainishaji, nao umeingia kwa kionyeshi "hiyo" pasipo "aidha" wala "vilevile". Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Velten mwaka 1903, aliandika juu ya kuzaliwa, jando, ndoa na mauti akifuata hatua za ada kama zinavyofanyika. Ufafanuzi wa namna hii ni wa zamani katika nathari yetu, na si mgeni aliyeletwa na silabasi.

Mwisho kwa sababu na sharti: "Lau Arabuni kungekuwa na misitu ya kutosha, majahazi yasingevuka bahari kutafuta boriti. Boriti nazo zina kikomo cha urefu. Kikomo hicho kimeonekana katika majumba ya mawe ya Lamu yenyewe, ambayo vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba haungeweza kuzidi mti uliobeba dari." Hii ni aya ya hoja. Haikuanza kwa kutangaza mada. Imeanza kwa -nge-, na -nge- humlazimisha mwandishi kutaja kisichokuwapo na tokeo lake. Kisha "kikomo hicho" kimeichukua sentensi ya pili kikaikabidhi ya tatu. Mwanafunzi anayerudia hoja kwa maneno mengine anahitaji zoezi la namna hii kuliko kuambiwa kwa mara nyingine "toa maelezo zaidi".

Pingamizi zito ni la mtihani. Karatasi ya insha katika KCSE, mtihani wa sekondari nchini Kenya, hudai insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, na mtahiniwa dhaifu anahitaji umbo la kujishikilia. Nakubali kwamba anahitaji umbo. Sikubali kwamba liwe moja. Anayejua njia nne hufikisha maneno 400 bila kujirudia. Wengine watasema kwamba -ka- ni ya hadithi na haina nafasi katika uandishi wa kitaaluma. Hilo si kweli: aya inayoeleza jinsi sera ilivyotungwa, ikapingwa, ikarekebishwa, ni aya ya kitaaluma, na husimama kwa -ka-. Kinachoharibu ni kuchanganya bila sababu, aya inapoanza kwa -li-, ikaingia -na-, ikaishia hu-, na msahihishaji akaandika pembeni "aya haijashikamana" pasipo kuonyesha kitenzi kilichoikata.

Mifano iliyochambuliwa hapa inaonyesha kwamba njia hizi zipo na zinatosha kwa masimulizi, utaratibu, uainishaji na hoja. Haithibitishi kwamba darasa lililofundishwa hivi litaandika vizuri kuliko lililofundishwa sentensi kuu. Hilo litaamuliwa darasani, na ulinganisho wa makundi mawili kwa muhula mmoja unatosha kulianza. Hata hivyo, kuendelea kufundisha umbo moja wakati lugha ina mengi hakuwezi kutetewa kwa hoja ya urahisi.

Walimu wa Kiswahili wasisubiri silabasi mpya. Wawape wanafunzi mada moja, waitake aya ya -ka-, ya hu- na ya -nge-, kisha wasahihishe kitenzi kabla ya kuhesabu viunganishi. Nao watunzi wa mitihani waache kumpa alama mtahiniwa kwa sababu tu ameandika "fauka ya hayo".