Ekyaghanda: nyumba iliyofundisha kujenga

Ukitaja Kyaghanda leo Goma au Kinshasa, watu wanafikiri juu ya shirika la Wanande, lile linalosaidiana na kusuluhisha ugomvi. Vijana wetu wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa jina la shirika, ekyaghanda ilikuwa nyumba. Ndiyo barza ya mababu: nguzo za miti, nyasi juu, moto katikati. Jioni wazee na vijana wanaume walikaa hapo. Mgeni alipokelewa hapo, kesi ya shamba ilikatwa hapo, na kijana alifundishwa ukoo wake. Tusiipambe mno: ilikuwa mahali pa wanaume. Wasichana walipata yao jikoni, karibu na mama na nyanya.

Shule hiyo ilifundisha mikono pia. Kujenga nyumba haikuwa kazi ya kununua. Majirani walikuja, mwenye nyumba akatayarisha kasiksi, kila mmoja akashika kazi yake: huyu anachimba mashimo, yule anafunga fito kwa kamba, wengine wanakanyaga udongo. Mtoto alileta kamba tu. Mwaka uliofuata alifunga. Alipofika umri wa kuoa, nyumba yake aliweza kuisimamisha mwenyewe.

Miaka ya 1920 kampuni ya madini Minière des Grands Lacs iliingia katika milima yetu, na mwaka 1929 wakaja mapadri Waasumsio. Pamoja nao zilikuja nyumba za pembe nne, matofali ya kuchoma na mabati, manjanja tunavyosema. Mikaratusi ilipandwa, ikawa mbao na kuni za tanuru. Hayo hayakuwa mabaya. Mapinduzi yenyewe yalikuwa parseli. Kiwanja kilipimwa kwa ajili ya mtu mmoja na jamaa yake, na baadaye sheria ya Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali. Barza ya watu wote haikuwa na hati, kwa hiyo haikupata nafasi. Tembea Kimemi, Vulamba, Mususa au Bulengera: nyumba, ukuta, nyumba, ukuta. Moyo wa kusaidiana haukufa, maana wenyeji walichanga hata kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Graben kilichoanza mwaka 1989. Lakini ufundi wa kujenga ulitoka katika jamii, ukawa wa fundi anayelipwa.

Je, nyumba ya miti na udongo ni ya maskini tu? Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga upande wa Ruwenzori, kwenye mpaka wetu na Uganda, na watu zaidi ya 100 walikufa. Fundi yeyote atakueleza: fito zilizosukwa vizuri zinayumba na kupasuka udongo, lakini ukuta mzito wa matofali usio na chuma unaangukia waliolala.

Nyasi, hapana. Nyumba zikibanana mjini, cheche moja inatosha, na katika vita hivi tumeona moto unavyofanya. Mimi ningechukua ukuta wa zamani, niuweke juu ya msingi wa mawe, paa liwe la mabati lenye kutokeza mbele ili mvua isilambe udongo.

Nani atafundisha? Tangu Oktoba 2014 watu wanakimbia mauaji ya Eringeti, Mbau, Oicha na Watalinga, wanaingia Beni na Butembo. Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, wengine walipanda kutoka kusini ya Lubero. Tunawahesabu kama midomo ya kulisha. Lakini mzee aliyelala darasani na wajukuu zake alijenga nyumba tatu au nne kwa mikono yake. Na katika msitu, kwa Wambuti, mwenye kujenga ni mama: anapinda fito, anapanga majani ya mangungu kama magamba ya samaki, na jioni jamaa inalala pakavu. Mama huyo akifika mjini anapewa shitingi, anaonyeshwa namna ya kuifunga.

Wakati huo huo, mwanafunzi wa ujenzi katika shule zetu za ufundi anajua kuchora plani na kuhesabu mifuko ya simenti, simenti ambayo familia yake haiwezi kununua. Kuonja udongo kwa vidole, kujua kama utapasuka, hajaonyeshwa. Kinachohitajika ni kona ya uwanja wa shule, miti, udongo, na malipo ya saa kwa mhami anayejua, kama anavyolipwa mwalimu mwingine. Kazi ya kwanza iwe barza yenyewe, yenye viti vya akina mama pia, mahali ambapo watu wa avenyu na waliokimbia wanaweza kukaa pamoja. Wazee wenye ujuzi huu wana miaka 70 na zaidi, na katika mahema na vyumba vya kupanga hatuwaziki wote kwa sababu ya risasi.