Mtoto wa Nje ya Ndoa katika Sheria ya Kenya

Wahenga walisema: kitanda hakizai haramu. Methali hii humkinga mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, asije akaulizwa baba yake ni nani. Lakini aliyezaliwa pasipo ndoa hana kitanda cha kumshuhudia. Hapana budi sheria imsemee.

Huko Kenya, mwaka 1959, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya jambo hili kwa kufuata mfano wa Uingereza. Mama asiyeolewa aliweza kumshtaki mahakamani mwanamume aliyemtaja kuwa ndiye baba. Neno lake peke yake halikutosha. Lilihitaji ushahidi mwingine wa kulitia nguvu. Hakimu akiridhika, aliamuru mwanamume yule atoe fedha za matunzo ya mtoto.

Sheria hiyo haikudumu. Mwezi wa Juni 1969, Bunge la Kenya huru liliifuta. Walioipinga walisema kwamba inapingana na desturi za Kiafrika, na kwamba wanawake wengine wameufanya uzazi kuwa biashara. Hoja ya kwanza ilikuwa na uzito wake, maana katika makabila mengi shauri la namna hii liliamuliwa na wazee, na aliyempa msichana mimba alitozwa mifugo. Lakini msichana aliyekwenda mjini kutafuta kazi alikuwa mbali na baraza la wazee, na Bunge lilimwondolea mahakama bila ya kumrudishia baraza. Ama hoja ya pili, hapakuwa na mwanamke hata mmoja Bungeni wa kuijibu. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo.

Hivyo mzigo ukabaki kwa mama. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika yeye kwanza. Baba aliupata wajibu kwa njia kama vile kumkubali mtoto au kufanya mapatano na mama. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ndiyo iliyosawazisha wajibu wa wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana.

Mwaka 1969 mabishano yalikuwa juu ya hila za wanawake na mifuko ya wanaume. Katiba iliyaandika matunzo hayo kuwa haki ya mtoto, ambaye hakushiriki hila wala hakuwa na mfuko.