Njia ya Chumvi, Njia ya Ng'ombe

Sandwichi ya nyama ya chumvi iliyochomwa kwenye kikaango ilipata sifa katika maduka ya Wayahudi wa New York, ingawa Omaha nako wanadai kuwa ile iitwayo Reuben ilianzia kwao. Hata hivyo, ng'ombe na chumvi vina historia ndefu Usukumani.

Zamani wanaume wa Kisukuma walitembea hadi Ziwa Eyasi wakati wa kiangazi, maji yalipopungua na kuacha chumvi nyeupe ufukweni. Hawakwenda mmojammoja. Walifuatana kwa misafara, wakiwa na silaha, wakikatiza nyika za Wahadzabe, kisha wakarudi na mizigo yao mabegani. Ukitoka Shinyanga leo kuelekea Meatu unafuata upande uleule: mbuga za udongo mweusi, mibuyu, na makundi ya ng'ombe yanayovuka barabara bila haraka.

Ng'ombe walikwenda upande mwingine. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928 na kupita Shinyanga. Kiwanda cha Tanganyika Packers kilipojengwa Kawe, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya Liebig ikiwa mbia wa serikali, ng'ombe wa Usukuma walipakiwa kwenye mabehewa kwenda kuwa nyama ya kopo. Mfugaji alilipwa bei ya ng'ombe aliye hai. Kazi ya kutia chumvi, kupika na kufunga makopo, pamoja na faida yake, ilibaki pwani na ng'ambo. Jambo hilo linaniuma kila nipitapo stesheni ya Shinyanga. Ukivuka Kahama hadi Geita, ambako Wajerumani waligundua dhahabu mwaka 1898, unakuta mali nyingine iliyozoea kuondoka ikiwa ghafi.

Kwa hiyo chumvi tutie wenyewe. Nunua kilo moja ya kidari chenye mafuta kidogo. Chemsha lita 2 za maji na gramu 200 za chumvi, kijiko cha sukari, pilipili manga, karafuu na vitunguu saumu. Yaache yapoe kabisa. Zamisha nyama yote humo, uiweke kwenye friji siku tano. Isuuze, kisha uichemshe kwa moto mdogo kama saa tatu, mpaka uma uingie bila kusukumwa. Ikipoa, ikate nyembamba kwa kukatisha nyuzi.

Kabichi ikatwe laini, ifikichwe kwa chumvi na ndimu, ikamuliwe sana. Ikibaki na maji mkate utalowa. Pakaa siagi upande wa nje wa slesi, panga nyama, kabichi, na jibini kama ipo. Weka kikaango kwenye jiko la mkaa lililopungua moto, kandamiza sandwichi kwa sufuria yenye maji, geuza ikishakuwa ya kahawia.

Nyama ikibaki, kesho ikaange na vitunguu na viazi, kama watu walivyozoea kuifanya ile ya kopo.