Jinsi ya kuhamisha video uliyoanza kuhariri kwenda programu nyingine

Umekata video ya harusi kwa simu huko Kibondo, na sasa unataka mhariri wa Kasulu mwenye kompyuta aimalizie sauti na rangi. Je, umpelekee nini? Tunaeleza hapa.

Programu za kompyuta kama Premiere Pro na DaVinci Resolve huweza kupokezana kazi kwa faili dogo la XML. Ndani yake hamna picha wala sauti. Ni orodha tu: kipande gani, kinaanzia wapi, kinaishia wapi. Ndiyo maana huenda pamoja na video zote za awali, bila kubadili majina yake. Maandishi na filta mara nyingi hupotea njiani, hivyo yaachie hatua ya mwisho.

Programu nyingi za simu hazitoi faili hilo. Basi toa nakala mbili. Ya kwanza iwe kamili, ya mhariri kutazamia. Ya pili isiwe na muziki, maandishi wala filta. Iwe na ubora wa juu na idadi ileile ya fremu kwa sekunde uliyorekodia, mfano 30. Muziki upeleke peke yake.

Ukituma WhatsApp kama video ya kawaida, itabanwa na ubora utashuka. Itume kama dokumenti, isizidi GB 2, au tumia flashi.

Usifute video za awali mpaka uitazame kazi iliyokamilika yote. Harusi hairudiwi.